Mleta Uyoga Ale Kwanza

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Halikumpata shemeji yangu, wala sikulisikia kilabuni. Natanguliza hilo kwa sababu nawajua watu: ukianza tu habari za namna hii, mmoja ataguna na mwingine atauliza, "Siku hiyo ulikuwa umekunywa ngapi?" Sikunywa hata kidogo. Mwaka ule mtama wa uji wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, nani angepata wa kupikia pombe? Kwa hiyo kaa usikilize, na kama huamini, basi angalau usinikatize.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani wakajengewa nyumba kwa safu. Mimi na mke wangu Eliza tulitokea Mitundu, nikapata kibarua kwenye bustani ya miti upande wa Kinampanda. Wenyeji waliiita Kwa Mzungu. Mzungu mwenyewe alishaondoka zamani, lakini jina lilibaki na miti ilibaki. Alikuwa mtu wa kupenda mimea, wanasema, mtu wa kupiga magoti chini kuangalia jani moja mpaka jua linamkuta hapo. Nusu ya bustani aliacha miti ya kwetu, miyombo na mininga na mikwaju. Nusu nyingine alipanda ya kwao na ya nchi nyingine: mikaratusi, mijakaranda, na huko juu kwenye mteremko, kundi la misonobari iliyosimama karibu karibu hata jua halifiki chini. Kila mti ulipigiliwa kibati chenye jina. Wakati naajiriwa mimi, mvua ilikuwa imeshafuta majina karibu yote.

Msimamizi wetu alikuwa kijana wa serikali, tukimwita Bwana Miti kama walivyoitwa wote wa kazi ile. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa mgeni kama sisi.

Ukifanya kazi bustanini unausoma mwaka bila kalenda. Mwezi wa tisa, ardhi imekauka mpaka inapasuka, hakuna wingu hata la kudanganyia, miyombo inatoa majani mapya mekundu. Mimi nilikuwa nashangaa kila mwaka. Maji inayatoa wapi? Halafu mijakaranda inachanua na kumwaga maua chini, unafagia asubuhi, jioni unafagia tena. Mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi wanaruka, na watoto wote wa kijiji wanageuka kuku. Baada ya kumbikumbi, mvua ikishika kasi, ndipo uyoga unapoota.

Sasa, uyoga wa kuliwa tuliujua sote. Ni ule wa kwenye vichuguu. Watoto wanautambua kabla hawajajua kuvaa kaptula. Lakini mwaka ule vichuguu vyote vya karibu vilikuwa vimechimbwa, udongo wake ukafyatuliwa tofali za shule na ghala la kijiji. Tofali zilitoka nzuri, sikatai. Ila ukichimba kichuguu, ujue umekula na mboga yake. Vilivyobaki vilikuwa mbali, kwenye mahame ya watu, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe ambaye hakutaka kuona mguu wa mgeni.

Huko juu chini ya misonobari ulikuwa unaota uyoga mwingine. Mzuri, nisiseme uongo. Mweupe, juu una kijani cha mbali, shina lake limevaa kama kisketi, na chini umekaa ndani ya kikombe. Unanukia vizuri tu. Lakini niliona kwamba wenzangu wote wa hapo hapo, wanawake kwa wanaume, wakifika pale wanaupita kama hawauoni. Nilimuuliza Bwana Miti.

"Hata mimi wananiambia niuache," akasema. "Kwa nini, hawasemi. Na wewe uache, ndugu yangu. Kwani umekosa cha kula?"

Nilikuwa nimekosa cha kula, ndiyo, lakini mkubwa wako hajibiwi hivyo. Nikauacha.

Shida ilikuwa Eliza. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa, na alishikwa na hamu ya uyoga. Hamu ya mja mzito si mchezo. Kila nikirudi kazini hata sijaweka jembe chini, "Umeniletea?" Namwambia sijaleta. "Kazi yako ni miti na majani kutwa nzima, na hukuona uyoga hata mmoja?" Tulikuwa tunakula ugali wa ule unga wa njano wa msaada, na mlenda, leo mlenda, kesho mlenda. Nilimpenda Eliza, naisema wazi, na iliniuma kumwona anasukuma sahani. Nilikuwa naogopa kwa ajili yake na kwa ajili ya huyo wa tumboni.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze desturi yetu moja, usije ukapotea njiani. Kwetu, anayeleta uyoga nyumbani kwa mtu haondoki. Anakaa, unapikwa mbele yake, na tonge la kwanza analila yeye. Akishameza ndipo wenye nyumba wananawa. Awe kaka yako, awe mjomba, hakuna kuona haya. Marehemu baba alikuwa akisema uyoga hauna rafiki. Mleta uyoga ale kwanza, basi, ndivyo tulivyolelewa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha mchana kutwa, ikakatika jioni. Jua lilitoka kidogo kabla ya kuzama. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye safu, upande wa bustani. Nilikuwa nimekaa mlangoni natia mpini jembe, Eliza yuko nyuma kwenye kibanda cha jiko anahangaika na kuni mbichi. Nikasikia, "Hodi hapa."

Bibi mzee. Kaniki mwilini, kikapu mkononi kimefunikwa majani. Sikumfahamu, lakini mzee ni mzee. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu? Mama mjamzito hajambo?"

Nikajua ameambiwa na watu. Nikasema hajambo, karibu. Akafunua kikapu. Uyoga, umejaa mpaka juu, mweupe, msafi, hauna hata funza. Eliza alikuwa ameshasikia sauti akaja, na alipouona, alipiga kigelegele kabisa, mikono kiunoni na tumbo lake mbele.

"Jamani bibi, Mungu akubariki! Nani alikuambia?"

"Mtoto wa tumboni akilia, sisi wazee tunasikia," akasema yule bibi, wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Niliutazama ule uyoga, nikaona kile kijani cha mbali. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Bibi, umeuchuma wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani ni wapi, bibi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea mteremkoni, kule kwenye misonobari. Kule hakuna nyumba. Nililima kule, nilifyeka kule, nilikuwa najua kila kisiki. Lakini nilifikiri labda anasema mji wake wa zamani kabla ya kuhamishwa. Wazee wengi walikuwa bado wanasema "nyumbani" wakimaanisha hame.

Nikafanya nilivyofundishwa. Hebu fikiri, utamwambiaje mzee aliyekuletea zawadi kwamba aonje kwanza? Nilitafuta maneno laini. Nikasema, "Bibi, karibu ukae. Mama atapika sasa hivi, ule nasi. Tonge la kwanza liwe lako."

"Hapana, mwanangu. Wajukuu wananingoja."

"Basi bibi, utuwie radhi. Kwetu aliyeleta uyoga asipokula kwanza, hatuwezi kuupokea."

Eliza alinikanyaga mguu. Nikavumilia. Yule bibi hakukasirika. Akauliza taratibu, kama mtu anayejifunza kupika kitu kigeni.

"Anayeleta ndiye anakula kwanza?"

"Ndiye, bibi."

"Kabla ya watoto?"

"Kabla ya watoto."

Akatikisa kichwa. "Mimi sikufundishwa hivyo. Kwetu watoto ndio wanaoanza." Akafunika kikapu chake, akaaga vizuri, akaondoka akifuata safu ya nyumba kuelekea katikati ya kijiji.

Eliza alinigeukia, we! Sijawahi kutukanwa vile na mtu ninayemlisha. "Umemfukuza bibi wa watu! Mzee mzima, na matope haya! Ningekuwa kwa mama yangu ningekuwa nimeshakula!" Alilia. Akarudi jikoni, akaubamiza mlango wa kibanda, mlango wa matete ule, wala haukutoa sauti ya maana.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwingine. Kama ule ndio uyoga wa misonobari, na bibi anaupeleka nyumba kwa nyumba, mwenzetu mwingine mgeni anaweza kuupokea. Tulikuwa wageni wengi kwenye ile safu, na kila mtu alikuwa na njaa. Nikaweka jembe ndani, nikatoka kuwaonya. Ungekuwa wewe ungekaa?

Nyumba ya kwanza hawakumwona. Ya pili hawakumwona. Matope ya njiani yalikuwa laini, na nyayo nilizoona zilikuwa zangu tu. Nilifika kwa Mama Zakaria, mwanamke mtu mzima, mwenyeji wa hapo hapo, ambaye zamani mji wao ulipakana na bustani. Alikuwa anapepeta mtama barazani.

"Mama, hajapita hapa bibi mmoja na kikapu cha uyoga?"

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Ana kaniki?"

"Ndiyo."

"Mliongea naye?"

"Tuliongea. Nilimrudishia uyoga wake."

Akashusha pumzi. Ndipo akanieleza, kwa haraka, bila kunitazama. Wakati Mzungu anapanda ile miti, mjane mmoja alikuwa na nyumba yake pale pale mteremkoni, akilea wajukuu watatu ambao mama yao alikufa. Miti ikakua, ukaja uyoga ambao hakuna mtu alikuwa amewahi kuuona. Ulikuwa mwaka wa njaa. Bibi akauchuma, akaupika, na kwa kuwa ulikuwa kidogo, akawapa watoto wote. Yeye hakuonja hata chumvi. Alishika tumbo akalala na njaa, anawasikia wanavyolamba sufuria kwa furaha. Wote watatu akawazika, na yeye hakumaliza mwaka.

"Tangu hapo kila masika anazunguka," akasema Mama Zakaria. "Sisi tukimwona tunafunga mlango, hatusemi neno. Ninyi wageni hatukuwaambia. Nani angewaambia? Mngekimbia kazi, mkatucheka huko kwenu."

"Sasa anataka nini?"

"Anataka kulisha mtu. Lakini mwenyewe hali, na mtu akiona mpishi hali, anashtuka. Ndiyo salama yetu." Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ulimwambia nini ulipomrudishia?"

Nikamwambia.

Mama Zakaria aliangusha ungo. Mtama ukamwagika chini, mwaka wa njaa, na hakuinama kuokota. "Rudi kwako," akasema. "Kimbia!"

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilifika, nikaenda moja kwa moja jikoni. Eliza alikuwa amekaa karibu na moto, miguu ameinyoosha, uso umetulia. Alikuwa anapangusa sahani kwa kidole.

"Umerudi?" akasema. Hasira zote zilikuwa zimemwisha. "Bibi wa watu ana moyo. Amerudi kuomba radhi."

Niliinyakua ile sahani. Aliendelea yeye. Alisema bibi alipitia nyuma, amebeba chungu, uyoga umeshapikwa kwa karanga. Umeshapikwa! Mimi nilipita nyumba mbili na kusimama kidogo kwa Mama Zakaria, basi. Hata maji hayangechemka.

"Akasema, 'Mumeo amenifundisha jambo, nashukuru.' Akakaa hapo, kwenye kigoda chako. Akala yeye kwanza. Tonge la kwanza alilitafuna polepole, akafumba macho. Kisha akaniambia, 'Sasa na wewe kula, mama. Mna njaa nyote wawili.' Tulikula pamoja mpaka tukamaliza. Nilikubakizia, akasema usibakize."

"Alikuwa analia?"

"Alie kwa nini? Alikuwa anacheka."

Nilitazama kigoda changu. Chini yake palikuwa na sindano za misonobari, kavu, zimesambaa kwenye sakafu ambayo Eliza aliifagia mchana. Nje kulikuwa na maji kila mahali.

Nilimlazimisha kutapika. Nilimnywesha maji ya majivu, nikamtia vidole kooni, akanipiga makofi akiniita mwendawazimu. Kilichotoka kilikuwa kidogo. Baadaye akalala vizuri kabisa, mimi nikakaa macho namsikiliza anavyopumua. Alfajiri ndipo tumbo lilipomshika. Kijiji kilitoa lori lake, tukampeleka hospitali, na kule walifanya kila waliloweza, sina neno nao. Siku ya pili yake alipata nafuu. Alikaa, akaomba uji, akanitania kwamba nilikuja hospitali na kiatu kimoja. Nikafurahi. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wananiangalia. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba uyoga ule ndivyo ulivyo, unakuachia kidogo ucheke. Macho yake yakageuka manjano. Akaacha kunijua. Akafa, na mtoto wetu ndani yake.

Nakueleza hivi kavu kavu kwa sababu nimeshalia vya kutosha, na kulia hakujanisaidia kitu.

Watu wa kijiji walikuja msibani wote. Walichimba, walibeba maji, walilala nje na mimi, siwezi kuwalaumu hata mmoja. Mama Zakaria alikuja kukaa karibu nami, akanishika mkono. Akaniambia, "Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini hatutamwona tena. Alikuwa anatafuta kula na mtoto, na sasa amekula."

Na kweli. Niliendelea na kazi pale mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nilifyeka chini ya misonobari, uyoga uliota kama kawaida, mweupe, umekaa kwenye vikombe vyake, na hakuna aliyeuchuma. Hakuna mlango uliofungwa jioni. Watoto walicheza nje mpaka giza. Siku moja wazee watatu walikuja kwangu, wakiongozwa na mjumbe. Wakasalimia, wakakaa, wakazunguka zunguka kwa habari za mvua na mbegu, mwisho wakanikabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hawakusema ni wa nini. Na mimi sikuuliza. Nilimfungua kamba usiku ule, nikamwacha aende zake. Asubuhi nilimwambia Bwana Miti anitafutie mtu mwingine, nikarudi Mitundu.

Watu huniuliza kama najilaumu. Sijilaumu. Niliukataa ule uyoga, nilitoka kuwaonya majirani, nilishika desturi ya baba yangu neno kwa neno. Ningefanya nini zaidi? Ila usingizi hauulizi kama una makosa au huna. Masika ikianza, nikisikia harufu ya ardhi iliyolowa, naamka, nasikia mtu anatafuna polepole karibu na jiko. Nimeoa tena, nina watoto, na mama yao anajua. Uyoga hauingii nyumbani kwangu, wa kichuguu wala wa wapi.

Na wewe unayesikia haya, nikuambie jambo moja tu. Wengi wanafikiri mtu akila mbele yako, basi chakula ni salama. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Lakini anayekula mbele yako ana hasara gani kama ameshazikwa? Mgeni akikuletea mboga ya porini, usimwambie aonje, usimfundishe neno lolote la kwenu. Muulize aliichuma chini ya mti gani. Akikwambia "nyumbani kwangu", funga mlango, hata kama mkeo analia kwa njaa. Mwache alie. Mimi leo ningetoa kila nilicho nacho nimsikie Eliza analia.